Bosi Asiyelala Baraka

KUTOKA UFUKONI, na Asukulu Mmunga

Shirika jipya likifungua ofisi hapa Baraka, eneo la Fizi mashariki mwa Kongo, siku ya kwanza wafanyakazi huambiwa kwamba wote ni familia moja. Picha hupigwa, fulana hugawiwa. Baada ya miezi michache mkuu wa mradi amekuwa sauti ya simu tu. Ripoti zinapanda kwenda Bukavu, primu, yaani posho ya juu ya mshahara, "iko njiani", na muuguzi aliyekesha na wagonjwa hajui hata amuulize nani. Kisha vijana wanahamia kwa mwajiri mwingine kwa ajili ya dola chache, na mkuu anawaita watu wasio na shukrani.

Siamini kwamba dola hizo chache ndizo zinazowaondoa. Ushahidi wangu ni wa zamani, na ni wa hapa hapa Fizi.

Mnamo 24 Aprili 1965 Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma akashuka Kibamba, kwenye ufuko wa Fizi, na Wakuba wachache kuwasaidia waasi. Kwa jumla waliomfuata walizidi mia moja. Silaha zilikuwepo. Wapiganaji walikuwepo, na hasira juu ya serikali ya Léopoldville, Kinshasa ya leo, haikupungua. Waliokosekana ni wakubwa. Viongozi wa uasi walikuwa Kigoma, Dar es Salaam au Cairo, wakituma habari kwamba watakuja karibuni. Wapiganaji walipoambiwa wapandishe chakula mlimani kutoka ufukoni, wengi waligoma: wao si magari, walisema, na hiyo ni kazi ya Wakuba. Mzee yeyote wa Fizi angeielewa kauli hiyo bila kufafanuliwa. Anayebebeshwa mzigo na mtu asiyemwona hujiona punda.

Mwezi wa Julai Laurent-Désiré Kabila, mmoja wa viongozi hao, alifika. Sehemu hii ya shajara ya Che, iliyochapishwa miaka mingi baada ya kifo chake, ndiyo ningependa kila mkurugenzi aisome. Che alikuwa mkali sana kwa Kabila, lakini hapo anakiri kwamba mtu huyo aliwajua watu wake. Alizungumza nao kwa Kiswahili, akawaeleza mambo yanavyokwenda, akawaamuru wachimbe mahandaki, nao wakachimba. Wale wale waliogoma! Hakuna mshahara ulioongezwa, hakuna semina iliyofanyika. Baada ya siku chache akarudi Kigoma, na kazi ikalala. Kufikia mwishoni mwa Oktoba mamluki wa Mike Hoare, waliopigania serikali, walikuwa wameshaingia Baraka na Fizi, na mnamo Novemba Che naye akavuka ziwa kurudi alikotoka.

Vita vile vilishindwa kwa sababu nyingi, na simtwishi Kabila lawama zote. Lakini siku zile za Julai zinanitosha kwa hoja yangu. Watu walikuwa tayari kufanya kazi mkubwa wao alipokuwa mbele yao, akiwaambia ukweli kwa lugha yao.

Wapo wakubwa wanaolijua jambo hili bila kusoma shajara yoyote. Nenda Misisi kwenye dhahabu. Mwenye shimo, PDG kama wanavyomwita, huwalisha wachimbaji wiki nyingi kabla jiwe halijatoa kitu. Akiugua mmoja, dawa ni juu yake. Dhahabu ikitoka, gharama zinakatwa kwanza, ndipo wagawane. Simsifu sana: madeni hayo huwafunga wengine miaka, na hesabu mara nyingi anaijua yeye peke yake. Ila kukitokea matata shimoni, wachimbaji wanajua mlango wa kugonga. Na kwenye uvuvi wa ndagala, yaani dagaa, mwenye chombo anayeficha bei aliyouzia asubuhi atatafuta wavuvi wapya kabla mwezi haujaisha, hata kama sehemu anayowapa si ndogo.

Walimu nao wana la kusema. Baada ya migomo ya miaka ya tisini ni wazazi waliobeba mishahara yao, hadi elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure mwaka 2019. Na bado yupo mwalimu ambaye jina lake halijaingia kwenye orodha ya malipo ya serikali, naye anafika darasani kila asubuhi. Ukimuuliza kwa nini, atakutajia mkuu wa shule anayeingia darasani na chaki mwenyewe, au wazazi wanaomjua kwa jina. Kinshasa haiwezi kujisifu kwa uvumilivu huo.

Najua jibu la wakurugenzi: usalama. Si uongo. Mwishoni mwa 2020 Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) waliondoka Fizi baada ya kushambuliwa, na sitamwomba mtu yeyote afe kwa ajili ya ripoti ya robo mwaka. Lakini ikiwa mahali ni pa hatari kwa mkurugenzi, ni pa hatari pia kwa muuguzi wa Baraka aliyebaki na daftari la zamu mkononi. Basi amwambie hivyo waziwazi, pamoja na gari litakalomchukua siku ya kukimbia, na nani ataitunza familia yake akipigwa risasi. Primu ikichelewa, aje aiseme mwenyewe mbele ya wafanyakazi, kwa Kiswahili, asimtume muhasibu. Na akija alale angalau usiku mmoja, maana wanaokuja na gari la asubuhi na kuondoka kabla ya saa tisa hawajawahi kukutana na zamu ya usiku.