Kifungo cha nje bila fedha: Vijana wa Kisii na Nyamira wakwama kati ya serikali mbili

KIJANA akihukumiwa kwenda gerezani nchini Kenya, fedha za kumtunza huwa zimetengwa hata kabla hajavuka lango. Kuna chakula, blanketi, sare na askari wa kumlinda. Katika magereza mengi kuna pia karakana ambamo anaweza kujifunza useremala au ushonaji na kufanya mtihani wa ufundi wa serikali. Lakini akionewa huruma na hakimu na kupewa kifungo cha nje, mambo hugeuka. Hurejea katika boma lile lile alikotoka. Mzigo wa kumlisha, kumpa ujuzi na kumtafutia nauli ya kwenda kuripoti kwa afisa wa probesheni huangukia familia ambayo, mara nyingi, umaskini wake ndio uliotajwa mahakamani ili apunguziwe adhabu.

Kinaya hicho kinadhihirika zaidi katika kaunti za Kisii na Nyamira. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576. Kisii ina zaidi ya watu 900 katika kila kilomita mraba. Ardhi imegawanywa baina ya ndugu kizazi baada ya kizazi hadi vishamba vingine havitoshi hata mashina machache ya migomba. Kijana aliyeacha shule hubaki kutegemea vibarua: kuchuma majani chai Nyamira, kuchimba na kusugua mawe ya vinyago Tabaka, kupakia ndizi kwenye malori au kuendesha bodaboda ya mtu mwingine. Vibarua vikikauka, chang'aa haiko mbali.

Sheria ya kifungo cha nje si ngeni. Ilitungwa 1943, enzi za ukoloni, na huduma yenyewe ikaanza 1946. Inamruhusu hakimu, hata bila kumtia mshtakiwa hatiani rasmi, kumweka chini ya uangalizi kwa muda usiopungua miezi sita na usiozidi miaka mitatu. Miongoni mwa mambo anayotakiwa kuzingatia, umri mdogo umetajwa mwanzoni kabisa, ukifuatwa na tabia, historia, mazingira ya nyumbani na afya. Waliotunga sheria hiyo walijua kwamba mtu wa miaka 19 hafanani na jambazi wa miaka 40.

Kabla ya uamuzi, afisa wa probesheni huenda nyumbani kwa kijana, akazungumza na wazazi, chifu, majirani na aliyekosewa. Kazi hiyo si ya kuandika ripoti tu. Hili ni eneo ambalo umati umewahi kuua zaidi ya watu 10 kwa kuwachoma moto kwa tuhuma za uchawi mnamo Mei 2008, na ambalo wanawake wanne wakongwe waliuawa huko Marani mnamo Oktoba 2021 kwa tuhuma kama hizo. Afisa anapouliza kama kijiji kitampokea kijana aliyeiba, huwa anauliza kama kijana huyo atakuwa salama.

Ripoti ikiisha na hakimu akikubali, swali la fedha ndipo linapoanza kuuma. Chukua mfano wa kijana wa miaka 20 aliyevunja kibanda cha mfanyabiashara na kuiba bidhaa. Amewekwa chini ya uangalizi kwa miaka miwili. Anahitaji kujifunza kazi ya mikono, kuachana na pombe na kupata nauli ya kwenda kwa afisa kila anapoitwa. Akikosa kufika, amevunja agizo la mahakama na anaweza kurejeshwa kizimbani ahukumiwe kwa kosa lile lile la awali. Hivyo kukosa nauli kunaweza kumpeleka gerezani mtu ambaye mahakama iliamua hastahili kuwa huko.

Nani basi agharimie mahitaji hayo? Jawabu limo katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, na ndilo chanzo cha tatizo. Mahakama, polisi na huduma za urekebishaji wa wahalifu ni majukumu ya Serikali Kuu. Vyuo vya ufundi vya vijijini, hospitali za kaunti na udhibiti wa dawa za kulevya ni majukumu ya kaunti. Afisa wa probesheni ni mwajiriwa wa Nairobi, ilhali karibu kila kitu anachokihitaji ili kumsaidia kijana kiko mikononi mwa gavana. Hata Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, ambako kijana aliyezama katika ulevi angetarajiwa kutafuta matibabu, iko chini ya kaunti.

Matokeo yake ni kwamba kila upande una sababu halali ya kukunja mikono. Kaunti husema wahalifu si wake. Serikali Kuu husema vyuo si vyake. Hakuna anayevunja sheria, na kijana hukaa nyumbani.

Mji wa Keroka unaonyesha hali hii vizuri kuliko maelezo yoyote. Kisii na Nyamira zimeuzozania kwa miaka mingi, hasa kuhusu nani akusanye ushuru wa wafanyabiashara. Pande zote mbili huwa macho panapohusu mapato ya mji huo. Haijasikika zikigombania nani awalipie karo vijana wanaotoka katika mahakama ya Keroka wakiwa na maagizo ya kifungo cha nje.

Si kwamba Idara ya Probesheni na Huduma za Baada ya Kifungo imelala. Imekuwa ikitoa cherehani, vifaa vya useremala na zana nyingine kwa baadhi ya walio chini ya uangalizi wake. Ina pia mabweni ya vijana ambao kwao hakufai kurudi, ambamo mahakama inaweza kuagiza mtu akae kwa muda usiozidi miezi 12. Lakini mabweni hayo yako Shanzu mjini Mombasa na Kimumu huko Eldoret kwa wavulana, na Nakuru na Siaya kwa wasichana. Mvulana wa Nyamaiya au Ogembo hana bweni la karibu. Anayefukuzwa na ndugu zake hulala panapopatikana, na mara nyingi panapopatikana ni kwa wale wale aliokosea pamoja nao.

Njia nyingine ni agizo la kutumikia jamii, chini ya sheria ya 1998, kwa makosa ambayo adhabu yake haizidi kifungo cha miaka mitatu. Agizo hilo limepunguza msongamano magerezani na linastahili sifa. Hata hivyo, kufyeka nyasi katika afisi ya chifu kwa wiki kadhaa bila malipo hakumfunzi mtu kazi, na hakuna anayedai kwamba humfunza.

Wapo watakaosema kwamba Kenya haijakosa hazina za vijana. Ni kweli. Hazina ya Ustawi wa Biashara za Vijana ilianzishwa 2006, Hazina ya Uwezo ikaja 2013, na ile ya Hasla ikazinduliwa Novemba 30, 2022. Hizi zote ni hazina za mikopo. Mkopo wa kibinafsi wa Hasla hutakiwa kulipwa katika siku 14, na anayeanza hupewa kiasi kidogo mno. Katika siku 14 mtu hajifunzi kushona hata suruali. Kumkopesha kijana asiye na ujuzi wala biashara ni kumwongezea deni juu ya kesi.

Umri nao una mtego wake. Mwenye miaka 17 analindwa na Sheria ya Watoto ya 2022, iliyopanua njia za kushughulikia makosa ya watoto nje ya mahakama. Akitimiza 18, ulinzi huo humwondoka siku hiyo hiyo, ingawa Katiba inamwita kijana hadi kabla ya kutimiza miaka 35 na, katika Kifungu cha 55, inaitaka serikali ihakikishe anapata mafunzo na kazi. Scotland iliamua tofauti: tangu Januari 2022 mahakama zake hutumia mwongozo maalumu wa kuwahukumu walio chini ya miaka 25, unaotilia mkazo urekebishaji kwa hoja kwamba akili ya mtu wa umri huo haijakomaa kikamilifu.

Pingamizi kubwa zaidi, hata hivyo, hutoka kijijini na wala si la kupuuzwa. Mama aliyeuza kuku wake wote amlipie binti karo ya chuo ana haki ya kuuliza: yule aliyenivunjia nyumba alipiwe bure, na mwanangu asiyeiba hata sindano akae bila chochote? Mwanasiasa anayejua hesabu za kura hatathubutu kumjibu. Ndiyo maana wazo la kuunda hazina mpya ya wahalifu vijana halifai. Lingezua foleni, madalali na chuki, na pengine lingemfanya mtu afikirie kwamba njia ya kupata karo ni kupitia kizimbani.

Kinachohitajika ni kidogo kuliko hazina. Ni nafasi chache zilizotengwa katika vyuo ambavyo tayari vipo, nauli, na mtu wa kufuatilia kama mwanafunzi anahudhuria. Aliyeibiwa pia ana faida katika jambo hilo, kwani mtu mwenye kipato anaweza kuamriwa kufidia alichoiba, na asiye nacho hawezi.

Njia ya kuzipitisha fedha hizo si ngeni. Kuanzia mwaka wa fedha wa 2017/2018, Serikali Kuu ilizitumia kaunti ruzuku yenye masharti ya takriban Sh2 bilioni kwa mwaka kwa ajili ya vyuo vya ufundi vya vijijini. Masharti hayo yalimaanisha kwamba fedha za chuo hazingeweza kujenga barabara. Mnamo 2021/2022 ruzuku hiyo, pamoja na nyingine tatu, iliyeyushwa katika mgao wa jumla wa kaunti, uliopanda hadi Sh370 bilioni. Magavana walishangilia kwa sababu walipata uhuru wa kuamua. Vyuo, kwa upande wao, vilipoteza fungu lililokuwa na jina lao, na tangu hapo vinapigania nafasi mbele ya madiwani sawa na idara nyingine yoyote. Nyamira, ambako hoja za kumtimua gavana zimewasilishwa zaidi ya mara moja tangu 2023, nafasi ya kuwazungumzia vijana wa kifungo cha nje katikati ya mivutano hiyo imekuwa finyu.

Kifungu cha 202 cha Katiba bado kinaruhusu ruzuku za namna hiyo, na Sheria ya Mahusiano ya Serikali ya 2012 inatoa nafasi ya makubaliano baina ya Nairobi na kaunti. Ruzuku ndogo, inayolipa karo na nauli kwa kila agizo la mahakama na kukoma muda wa agizo unapokwisha, ingeondoa kisingizio cha pande zote mbili. Kaunti ingepata mwanafunzi anayelipiwa, na afisa angepata mahali pa kumpeleka.

Tahadhari moja yatoka Uingereza. Kati ya 2014 na 2015, huduma ya uangalizi wa wahalifu katika England na Wales iligawanywa, na sehemu kubwa ikakabidhiwa kampuni 21 za kibinafsi ambazo malipo yao yalitegemea kwa kiasi fulani matokeo. Huduma ilizorota, na mnamo Juni 2021 ikarejeshwa yote serikalini. Somo kwa Kenya ni kwamba malipo yakifungamanishwa na matokeo ya mwisho, wanaolipwa huweza kuwaacha vijana wagumu na kuwashughulikia wepesi. Afadhali kulipia mahudhurio yanayoweza kuhesabiwa.

Japan nayo inategemea wajitoleaji zaidi ya 40,000 wanaowafuatilia waliokosea katika mitaa yao bila mshahara. Kenya imejaribu mfumo wa aina hiyo kwa maafisa wa kujitolea. Tofauti ni kwamba mjitoleaji wa Japan humsindikiza mtu kuelekea kwenye huduma zilizopo. Wa Nyamira akimtembelea kijana atampa nasaha, kisha atapanda bodaboda arudi kwake.

Mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano unaotumika sasa unakamilika 2027, na mpya utaandaliwa baada ya uchaguzi wa Agosti mwaka huo. Kabla ya hapo, kila mwaka kaunti hutakiwa kuwasilisha mkakati wake wa kifedha katika bunge la kaunti kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Wananchi huitwa kutoa maoni katika wadi. Maafisa wa probesheni wa Kisii, Ogembo, Keroka na Nyamira wanajua idadi ya vijana walio chini yao, wanapoishi na wangependa kujifunza kazi gani. Hakuna sheria inayowalazimisha kuhudhuria vikao hivyo, na hakuna inayowakataza.