Salio la Simu Nalo Lina Zaka

Ramadhani ikikaribia, maswali ya zaka tunayopata hufanana: nitume lini, nimtumie nani, ada ni ngapi. Kuna moja ambalo watu hawaulizi sana, nalo kwetu ndilo zito. Je, pesa iliyo kwa simu umeihesabu?

Wengi huona salio la simu kama pesa ya matumizi tu, ya nauli na unga. Lakini laini moja siku hizi inaruhusiwa kubeba hadi shilingi 500,000. Hiyo ni mali, na zaka haiulizi mali imelala benki, kwa droo ama kwa simu.

Tuseme unauza nguo. Benki una 150,000, bidhaa dukani zina thamani ya 130,000 kwa bei ya sasa ya soko, na kwa simu kuna 120,000. Jumla ni 400,000, na zaka yake ya asilimia 2.5 ni 10,000. Ukisahau simu, utatoa 7,000. Zile 3,000 zilizobaki si zako. Ni haki ya maskini ambayo bado umeishika.

Kabla ya hapo, hakikisha mali yako imefika nisabu: thamani ya gramu 85 za dhahabu, au gramu 595 za fedha (fedha yenyewe, yale madini). Tofauti ni kubwa. Kwa bei za sasa, 400,000 haifiki nisabu ya dhahabu lakini inavuka ya fedha. Sisi tunapendelea ya fedha, maana wanaofaidika ni wengi, ila sheikh wako ndiye wa kuulizwa. Muulize pia kama mali yako yote ilishuka chini ya nisabu katikati ya mwaka, kwa sababu madhehebu hayakubaliani hapo. Mwaka wenyewe ni wa Hijria, siku 354 hivi, kwa hivyo ukifuata Januari hadi Desemba unachelewa kila mwaka. Chagua tarehe moja, kama mwezi 1 Ramadhani, na siku hiyo angalia salio kabla hujalipa chochote.

Sasa kutuma. Ukigawa 10,000 kwa watu wanne, kila mmoja anafaa apate 2,500 mkononi. Ada ya kutuma iwe juu yako, na ukiweza ongeza ya kutoa kwa ejenti. Kukata ada ndani ya zaka, kwa maoni yetu, ni kumlipisha maskini gharama yako. Soma jina kabla ya kuweka PIN. Na usitume kwa namba iliyosambazwa kwa gurupu bila kumjua mwenyewe, hata kama ujumbe una aya na picha ya mtoto mgonjwa. Wanaostahili wametajwa, makundi manane, katika Surat At-Tawba aya ya 60. Mama yako hahesabiki humo kwa umaskini wake, kwani kumtunza ni wajibu wako tayari; ndugu yako mwenye shida anaweza kuhesabika.

Zakatul-fitri ni nyingine. Pwani wengi hufuata Imam Shafi, na kwake hutolewa chakula, si pesa. Unaweza kumtumia mtu unayemwamini anunue mchele akupelekee, mradi umfikie mlengwa kabla ya swala ya Idi. Usingoje asubuhi yenyewe.

Na niya weka moyoni unapotuma. Si lazima umwambie anayepokea kwamba ni zaka.