Milango ya kadi: tumeuliza nani ataingia, hatujauliza tutatokaje

Maghorofa mengi tunayoishi huku Ghuba yanabadilisha milango. Kicha cha funguo kinaondoka, inakuja kadi, namba ya siri, alama ya kidole au simu ya mkononi. Mwenye jengo anatuambia ni usalama wa kisasa, na sisi wapangaji tunauliza swali moja tu: je, mwizi ataweza kuingia? Mimi niliyekuwa mwalimu, nikawahi kushika funguo za bweni la watoto, naona swali la kwanza ni jingine kabisa. Siku ya moto, watu watatoka?

Swali hili ni la zamani. Tarehe 25 Machi 1911 kiliungua kiwanda cha nguo cha Triangle, mjini New York. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana washonaji. Mlango mmoja wa kuteremkia ngazi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Kitasa cha leo ni cha umeme, lakini hatari ni ileile.

Vitasa vya umeme viko vya namna mbili. Kimoja hushikwa na umeme. Umeme ukikatika, kinaachia. Kitasa cha sumaku ndicho hicho. Cha pili kinahitaji umeme ili kifunguke. Ukikatika, mlango unabaki umefungwa kwa aliye nje, na aliye ndani lazima awe na mkono wa kawaida wa kufungulia. Wengi hudhani sumaku haina neno, maana umeme ukienda mlango utafunguka wenyewe. Sivyo hivyo! Mafundi huweka betri, na betri huendelea kuushika mlango kwa saa kadhaa. Ndiyo maana kitasa kiunganishwe na king'ora cha moto: king'ora kikilia, umeme wa kitasa ukatike, wa betri pia. Tena pembeni ya mlango kiwepo kile kisanduku cha kijani cha kubonyeza wakati wa dharura.

Jambo la pili ni mtandao. Tarehe 4 Oktoba 2021 huduma za Facebook na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita. Iliripotiwa kuwa baadhi ya wafanyakazi wa kampuni hiyo walishindwa kuingia ofisini kwao, kadi zao hazikufungua milango. Ikiwa wakubwa wa teknolojia walifungiwa nje, sembuse jengo letu la ghorofa sita? Lazima uwepo ufunguo wa chuma, na ijulikane nani anao.

Na sisi tunaojenga kwetu tusisahau. Zanzibar ilikaa gizani kama mwezi mzima mwaka 2008, kisha miezi mitatu hivi kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Betri gani ingestahimili hayo? Ukinunua vitasa vya Dubai kupeleka Unguja au Mombasa, mpangie fundi habari ya umeme kabla hujatoboa mlango.

Tatu ni alama za vidole. Kadi ikipotea hufutwa ukapewa nyingine. Kidole huna kingine. Oman imeweka sheria ya kulinda taarifa binafsi kwa Amri ya Sultani namba 6 ya mwaka 2022. Kwa hiyo mpangaji si mbishi akiuliza alama yake inawekwa wapi na itafutwa lini akihama.

Basi tufanye nini? Kosa kubwa hufanyika siku ya kukabidhiwa kazi. Fundi anagusisha kadi, mlango unalia "tii", kila mtu anatia saini. Huo si mtihani. Mtihani ni kuzima umeme wa jengo, kuliza king'ora cha moto, kuchomoa waya wa mtandao, kufuta kadi moja na kuona kama kweli imekataa. Kila mlango ujaribiwe, si mmoja wa mbele tu. Kisha mwite bibi mwenye mkongojo na mtoto wa miaka saba, watoke wenyewe bila kuelekezwa. Wakishindwa hao, fundi arudi kazini.

Jamani, kodi tunalipa sisi. Kabla mwenye jengo hajatia saini, tumwombe mtihani huo ufanywe mbele yetu. Utachukua asubuhi moja tu.