Msimbo Urahisishwe, Ngeli Zisivunjwe

Waandishi wa programu za kutumiana ujumbe hupenda kurahisisha msimbo, hususan ule wa mipangilio ya akaunti. Palipokuwa na vifungu vitatu vya kazi moja, hubakishwa kimoja. Hilo ni jema, kwani msimbo mfupi hukaguliwa na kurekebishwa kwa wepesi. Hata hivyo, kazi hiyo ikifanywa bila mtaalamu wa Kiswahili, mzigo alioutua mwandishi hutwikwa msomaji.

Tuchukue mfano. Katika Kiingereza, kitenzi hakibadiliki hata kilichofutwa kikiwa ujumbe, picha au jina. Mwandishi basi huunda sentensi moja yenye pengo, nomino yoyote ikajazwa humo. Katika Kiswahili, ujumbe umefutwa, picha imefutwa, jina limefutwa. Pengo lile moja hutuletea "jina imefutwa", kosa ambalo mwalimu wa shule ya msingi hawezi kulifumbia macho.

Upande wa istilahi, urahisishaji ni rafiki yetu. Ukurasa mmoja ukidai nywila na mwingine nenosiri, mtumiaji hudhani ni vitu viwili. Istilahi ikihifadhiwa mahali pamoja, huteuliwa mara moja na kutumika kote.

Huku Kenyenya, Kaunti ya Kisii, wengi hujifunza Kiswahili baada ya Ekegusii, lugha ya Kibantu yenye ngeli zake: omonto ni mmoja, abanto ni wengi. Upatanisho wa kisarufi si mgeni kwao, unapovunjwa, wanatambua. Tena madhara hayaishii kwenye sarufi. Mfanyabiashara wa ndizi anayetatizwa na maneno ya mipangilio aweza kufuta akaunti ilhali alikusudia kutoka tu, na mazungumzo yake na wateja yakapotea.

Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ukathibitisha kwamba programu nzima ya ofisi yaweza kutumia Kiswahili. Nayo Katiba ya Kenya ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa nini basi tuliachie jukumu hili wahandisi pekee?

Wanafunzi wenzangu, hatuna budi kujitolea kuzisoma tafsiri hizi kabla hazijawafikia watumiaji. Tudai sentensi kamili kwa kila ngeli na istilahi moja kwa kila dhana. Msimbo utaongezeka mistari michache, lakini mkulima atajua anachokibonyeza.