Mgeni wa Parokia Apewe Jembe

Kuna maneno yaliyozoeleka mijini mwetu kiasi kwamba hakuna tena anayeyahoji: Kanisa Katoliki halijui kupokea watu. Mtu anahama kutoka Songea kwenda Dar es Salaam, au kutoka Kisii kwenda Nairobi. Jumapili anaingia Misa ya kwanza, anasali katikati ya umati, anatoa sadaka, anatoka, na hakuna aliyemuuliza jina. Kwa walokole, watu wanasema, angesimamishwa mbele akapigiwa makofi, namba yake ya simu ikaandikwa, na Jumatatu mchungaji angempigia kumjulia hali. Basi hukumu inatolewa: parokia ni mahali pa kupatia sakramenti, na anayetaka watu akawatafute kwingine.

Nusu ya maneno hayo ni kweli. Katika parokia nyingi za mjini watu wa Misa ya pili wanasubiri nje ilhali wale wa Misa ya kwanza hawajamaliza kutoka. Paroko ana wagonjwa wa kuwapelekea Komunyo, ana vigango, ana ndoa na misiba. Wapo waliokaa miezi wakisali hivyo bila kusalimiwa, wakaumia, na kuwaambia kwamba walikuja kwa ajili ya Mungu na siyo kwa ajili ya watu ni kuwajibu vibaya. Mtakatifu Yustino Mfiadini, katikati ya karne ya 2, aliwaeleza watawala wa Kirumi namna Wakristo wanavyokusanyika Jumapili. Katika maelezo hayohayo ya ibada alitaja kwamba mchango unaokusanywa huwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Tangu mwanzo, kumtunza mgeni kumekuwa sehemu ya Jumapili yenyewe. Anayelalamika kwamba hakupokelewa analalamikia jambo la haki.

Ninachokikataa ni hukumu inayofuata. Inatafuta mapokezi mahali yasipokaa, na inayapima kwa kipimo kisichotosha.

Tuanze na mahali. Kwa Sheria za Kanisa za mwaka 1983, parokia ni jumuiya ya waamini, na kwa kawaida inawahusu waamini wote wanaoishi katika eneo fulani. Kanuni ya 102 na ya 107 zinaeleza mtu anavyopata paroko wake: kwa kuishi pale. Ukihamia kwa nia ya kubaki, au hata kwa nia ya kukaa miezi mitatu tu, paroko wa eneo hilo ni wako. Hujaomba uanachama wala hujapigiwa kura. Siku unaposhusha godoro lako kwenye chumba ulichopanga Mbagala au Kawangware ukiwa na nia hiyo, tayari una parokia, hata kama hakuna aliyekuona.

Jambo hili linaonekana la kiofisi, lakini lina wema mkubwa ndani yake. Nafasi yako haitegemei kama umependeza, una kazi nzuri, unaongea vizuri au unafanana na waliokutangulia. Vikundi tunavyovichagua wenyewe mara nyingi hukusanya watu wa aina moja: wa kabila moja, wa umri mmoja, wa kipato kimoja. Parokia ya eneo inawaweka pamoja mama lishe na karani wa benki, mwenye nyumba na mpangaji wake, bodaboda na mwalimu mstaafu. Hakuna kati yao aliyewachagua wenzake, na kwa sababu hiyo hakuna mwenye haki ya kumwambia mwingine kwamba amekosea mlango.

Haki iliyo kwenye kitabu cha sheria, hata hivyo, haimpi mtu rafiki. Maaskofu wa Afrika Mashariki walilijua hilo zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Mwaka 1973 maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa nchi kama Kenya, Malawi, Tanzania, Uganda na Zambia, walikutana Nairobi kupanga Kanisa la miaka ya 1980. Wakaamua kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogo, mijini na vijijini, palepale watu wanapoishi na kufanya kazi. Sababu waliyoitoa inagusa malalamiko ya leo moja kwa moja: walitaka watu wajuane kwa kweli na wajione kuwa ni wa pamoja. Mwaka 1976 mkutano wao mkuu ukaufanya ujenzi wa jumuiya hizo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Kule Kongo maaskofu walikuwa wameshika njia hiyo tangu mwaka 1961, na Kardinali Joseph-Albert Malula akaikuza mjini Kinshasa. Kwetu Tanzania, Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alikwenda mbali zaidi: miaka ya 1970 alijiunga na kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga akaishi na kulima na wanakijiji. Alifundisha kwamba Utatu Mtakatifu tumepewa tuuige, tushirikiane maisha kama Nafsi tatu zinavyoshirikiana, kuliko kuhangaika nao kama fumbo la kufumbuliwa.

Kwa hiyo anayesimama kwenye mlango wa kanisa Jumapili akitazama nani atamkaribisha amesimama kwenye mlango mkubwa, ambao kwa ukubwa wake haumjui mtu. Mlango wa kuingilia kwa jina lako uko mtaani kwako. Kaya chache za jirani, chini ya somo wao, labda Mtakatifu Monika au Mtakatifu Karoli Lwanga, hukutana kila wiki nyumba kwa nyumba, kwa wengi Jumamosi alfajiri kabla watu hawajatawanyika. Inasomwa Injili, kila mwenye neno anasema lilivyomgusa, wanaombewa wagonjwa wanaotajwa kwa majina, kisha unatolewa mpango wa nani atakwenda kumwona nani. Wiki ikizunguka, zamu inafika hata kwenye chumba cha mpangaji mpya. Hapo watu wanavua viatu mlangoni kwake, wanakaa kwenye mkeka wake, wanaona picha ya mama yake ukutani na kuuliza habari zake. Kukiwa na msiba, hao ndio wanaofika na rozari mkononi, kisha wanachota maji na kuwasha moto bila kungoja kuombwa.

Msomaji ataniuliza: kama ni hivyo, kwa nini watu wanaondoka? Wengi wanaondoka kwa sababu hawajawahi kuufikia mlango huo, na lawama ya hilo nitaigawa hapa chini. Lakini kwanza tutazame kipimo.

Tumejizoesha kuamini kwamba kupokelewa ni kufanyiwa jambo: kusimamishwa, kushangiliwa, kupewa soda, kupigiwa simu. Hayo yote ni mema, na parokia zetu zingefanya vizuri kuyaiga kwa ndugu zetu wa makanisa mengine bila kuona aibu. Ila yana kikomo. Anayepigiwa makofi bado ni mgeni. Makofi yenyewe ndiyo yanayomtangaza kuwa mgeni. Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuisoma methali hiyo kama onyo kwa mvivu. Mimi naiona pia kuwa heshima kwa mgeni. Aliyepewa jembe ameonyeshwa shamba, ameambiwa mpaka uko wapi, na jasho lake limeingia katika chakula cha nyumba. Kuanzia hapo hali tena kwa hisani.

Parokia ina majembe mengi kuliko mikono. Kuna somo la kusomwa Misani, kuna kwaya, kuna watoto wa Utoto Mtakatifu wanaohitaji mlezi, kuna umoja wa wanawake, WAWATA, na wa vijana, VIWAWA, kuna daftari la katibu wa jumuiya na kuna bibi asiyeweza tena kufika kanisani. Mtume Paulo aliwaambia Wakorinto kwamba jicho haliwezi kuukana mkono. Mkono unajua kwamba ni wa mwili kwa sababu una kazi ambayo jicho haliwezi kuifanya. Vivyo hivyo, mtu hujua amekuwa wa parokia fulani siku anapokosekana na kazi ikasimama, watu wakaulizana yuko wapi.

Sasa pingamizi zito, ninalolisikia kwa watu waliojaribu: jumuiya imegeuka ofisi ya kukusanya michango. Mgeni anafika, na kabla hajaulizwa ametoka wapi anaulizwa bahasha ya zaka na mchango wa ujenzi. Mbaya zaidi ni tishio linalosemwa hadharani katika baadhi ya mitaa: asiyehudhuria jumuiya hatazikwa na padre. Watu wanakwenda kwa hofu ya kufa, wakiwa hawajui kama kuna anayewahitaji wakiwa hai.

Pingamizi hili sitalifunika. Kutegemeza Kanisa ni wajibu wa kila mwamini, na sakafu ya kanisa haijijengi. Lakini Kanuni ya 848 inamzuia mhudumu wa sakramenti asidai chochote zaidi ya sadaka iliyowekwa na mamlaka halali, na inamtaka ahakikishe kwamba maskini hakosi sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Kuhusu mazishi, Kanuni ya 1176 inasema mwamini aliyefariki apewe mazishi ya Kanisa. Kanuni ya 1184 inawataja wanaopaswa kunyimwa: waasi imani, wazushi na wafarakanishi wanaojulikana wazi, walioamua miili yao ichomwe kwa sababu zinazopinga imani ya Kikristo, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangewakwaza waamini. Hata hao hawanyimwi kama walionyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, na penye shaka aulizwe askofu. Mlinzi wa usiku aliyelala Jumamosi alfajiri baada ya zamu yake hayumo katika orodha hiyo. Wala hayumo mjane aliyeona haya kufika mikono mitupu.

Zaidi ya hapo, sheria hiyohiyo inaelekeza upande mwingine kabisa. Kanuni ya 529 inamtaka paroko azitembelee familia na awatafute kwa bidii maalumu maskini, wenye taabu, wapweke na walio mbali na nchi zao. Hayo ndiyo matumizi sahihi ya daftari la mahudhurio la jumuiya. Jina lisilowekewa alama mara tatu linatuambia nani wa kutembelewa wiki hii. Jumuiya inayolitumia daftari kuwahukumu wafiwa imekigeuza chombo cha kutafuta watu kuwa chombo cha kuwapoteza. Inapaswa kukosolewa, na inakosolewa kwa msingi wa Kanisa lenyewe. Ugonjwa wa jumuiya fulani hauthibitishi kwamba njia ya jumuiya ilikuwa kosa.

Kuna pia wanaobaki nje kwa aibu: mama anayelea watoto peke yake, wanandoa ambao ndoa yao haijabarikiwa kanisani, msichana wa kazi za ndani asiyejua kama mwajiri wake atamruhusu. Mwaka 1981, katika Familiaris Consortio, Papa Yohane Paulo II aliwaandikia wachungaji kuhusu waliotalikiana wakafunga ndoa nyingine. Alitaka wasaidiwe wasijione wametengwa na Kanisa, walisikilize Neno, wahudhurie Misa, wadumu katika sala na wafanye kazi za huruma. Ikiwa hao wana nafasi, hao niliowataja wana nafasi pia. Asiyeweza kupokea Komunyo leo anaweza kumpelekea mgonjwa uji leo. Na muda wa kukutana haukushuka kutoka mbinguni: jumuiya yenye wauguzi, walinzi na wafanyakazi wa majumbani inaweza kukutana Jumapili jioni.

Lawama niliyoahidi kuigawa naigawa hivi. Wenyeji tunabeba sehemu kubwa zaidi. Mwenyekiti wa jumuiya asiyejua nani amehamia mtaani kwake hajaanza kazi yake. Amtembelee katika wiki ya kwanza, na siku hiyo bahasha ibaki nyumbani. Kabla mwezi haujaisha ampe mgeni kazi moja ya kweli, ndogo, yenye jina: asome somo, apeleke salamu kwa mgonjwa, apokee jumuiya nyumbani kwake. Mazungumzo ya zaka yaje yakimkuta anajua kwamba anachotoa kinakwenda nyumbani kwake mwenyewe. Paroko naye atangaze kila Jumapili mgeni amwone nani ili aelekezwe jumuiya ya mtaa wake.

Mgeni ana sehemu yake. Wewe unayefikiria kuondoka, umesali miezi mingapi bila kuuliza jumuiya yako ni ipi? Barua ya utambulisho kutoka parokia ulikotoka ni nzuri ukiwa nayo. Usipokuwa nayo nenda hivyohivyo. Ukifika, usikae ukipima joto la salamu. Omba kazi. Ukikuta kiongozi mkali, kumbuka kwamba jumuiya si mali yake: una haki sawa na yake, uliyoipata siku uliyohamia.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu ninalipenda Kanisa hili na ninaona watu wema wakilikimbia wakidhani haliwataki, wakati njia ya kuwapokea tunayo tangu 1973. Hatuhitaji kubuni nyingine. Wiki hii, katika mtaa wako, kuna Mkatoliki aliyehamia ambaye hakuna anayemjua. Mwenyekiti, kampigie hodi.