Imani iliyomweka Atiman Karema miaka 67

SAFU: MTAZAMO WA UFIPA
Na Benedikto Simtowe, Kizwite

Kuna namna ya kumtumaini Mungu inayohubiriwa sana siku hizi, redioni na kwenye vipaza sauti vya mitaani, ambayo kipimo chake ni matokeo ya haraka: omba leo, kesho deni limelipika, ugonjwa umeondoka, kesi imefutwa. Kipimo hicho kinawaumiza watu. Mjane aliyefiwa na mume baada ya mikesha ya maombi anaambiwa, kwa maneno au kwa macho tu, kwamba imani yake ilikuwa haba. Mkulima aliyekopa mbolea, kisha bei ya mahindi ikaporomoka, anaanza kujiuliza amemkosea nini Mwenyezi Mungu. Na mtu akishaamini kwamba Mungu amemkataa, hakawii kumtafuta aliyemroga. Hapa Rukwa tunajua njia hiyo inaishia wapi: wapo wazee waliouawa kwa kushukiwa uchawi, na wapo wenye ualbino waliokatwa viungo. Mimi nashikilia kwamba ukaribu na Mungu haupimwi kwa kasi ya shida kuondoka. Unapimwa kwa kile unachomwezesha mtu kuendelea kufanya shida ikiwa bado ipo.

Mfano hatuna haja ya kuutafuta mbali. Mjini Sumbawanga ipo hospitali yenye jina la Dkt. Atiman, na wengi wanaopita getini pake hawajui alikuwa nani. Adrien Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, Mali, katika miaka ya 1860. Alitekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara na kuuzwa utumwani, mpaka wamisionari wa Mapadri Weupe walipomkomboa Algeria. Walimsomesha, wakampeleka kisiwani Malta kusomea utabibu, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akiwa katekista na tabibu. Hapo ndipo alipofanya kazi mpaka alipofariki mwaka 1956. Katika miaka hiyo 67 mwambao wa ziwa ulipitiwa na malale, Wajerumani walitawala na kuondoka, Vita Kuu ya kwanza ilipiganwa majini na ufukweni, Waingereza wakashika nchi. Yeye alifundisha dini, akatibu vidonda na macho, akajifunza dawa za miti za wenyeji akaziongeza kwenye ujuzi wake wa Malta. Nyumbani kwao kulibaki ng'ambo ya bara, na utoto alionyang'anywa haukurudishwa. Kwa kipimo cha mahubiri ya haraka, sala zake hazikujibiwa. Kwa kipimo cha wagonjwa wa Karema, zilijibiwa kila asubuhi alipofungua mlango.

Lipo pingamizi zito, nalo halifai kupuuzwa: imani imeua watu. Mwaka 2011 maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Wapo waliotoka vitandani hospitalini, na wapo waliofia kwenye foleni. Mwaka 2023, huko Shakahola katika kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge kula ili wakutane na Yesu. Anayesema dini ni hatari ana ushahidi mkononi. Lakini tazama imani za namna hiyo zilimfanya mtu atende nini: aache dawa, aache chakula, amwache mtoto wake afe, kisha amsubiri Mungu afanye kazi ambayo Mungu huyo huyo alimpa binadamu akili na mikono aifanye. Atiman alisali na alisomea utabibu, na hakuona ugomvi kati ya viwili hivyo. Waislamu nao hufundishwa kwamba tawakali huja baada ya mtu kutimiza wajibu wake. Imani inayomtoa mgonjwa kwenye dozi yake si imani kubwa kuliko ya Atiman. Ni uongo, na viongozi wa dini wanapaswa kuuita hivyo hadharani.

Mwingine atasema, na kwa haki, kwamba Atiman alikuwa na misheni nyuma yake, na kwamba wapo wasioamini Mungu wanaovumilia mateso vizuri kuliko wacha Mungu. Yote mawili nayakubali. Sidai kwamba imani ndiyo chanzo pekee cha uvumilivu. Nadai kwamba kwa wengi wetu wa nyanda hizi ndiyo chanzo kilicho karibu, na kwamba hakichipuki siku ya msiba. Wakulima wa Ufipa tangu zamani hufukia majani kwenye matuta ya ntumba mvua zikielekea mwisho, yakaoza polepole, ili ardhi iwe na nguvu msimu unaofuata. Ukaribu na Mungu hujengwa vivyo hivyo, katika sala za siku za kawaida ambazo hazina dharura yoyote. Ayubu aliweza kumlalamikia Mungu kwa ukali kwa sababu walikuwa wamezoeana. Anayemjua siku ya shida tu hana hata ujasiri wa kulalamika, na ndiye windo la kila muuza mafuta ya upako.

Na misheni iliyokuwa nyuma ya Atiman inatudai jambo. Mtu hamtegemei Mungu peke yake chumbani, wenzake wakiwa wameketi tu. Jumuiya ndogondogo za Kizwite na misikiti ya mji huu zina orodha za wagonjwa na wafiwa wao. Basi mapadri, wachungaji na mashehe, zitumieni orodha hizo, na wahimizeni waumini wenu Ijumaa na Jumapili hii wamalize dozi zao. Nawe msomaji, kama jirani yako anauguliwa, mwendee ukasali naye, umbebee chakula, na gari likikosekana umsaidie kumfikisha mgonjwa hospitali.