Soli laini viatuni: mtumishi anunue au aache?

Miongoni mwa bidhaa zinazotembezwa katika maduka na masoko ya miji yetu ni soli laini za kutia ndani ya viatu. Ziko za sponji, za mpira, na nyingine zimejazwa uteute mzito unaobonyea. Wauzaji huzisifu kuwa huondoa uchovu, huponya kisigino na hata kumaliza maumivu ya mgongo. Sifa hizo humvutia hasa mtu ambaye kazi yake ni ya kusimama: mwalimu mbele ya ubao, muuguzi wodini, karani dirishani. Kwa kuwa fedha inayotumika ni mshahara wa mtumishi, ambao una mengi yanayousubiri, suala hili lafaa lichambuliwe badala ya kuachiwa ulimi wa muuzaji.

Tuanze na mguu wenyewe. Wayo mmoja una mifupa 26. Chini ya kisigino umo mto wa mafuta unaopokea kishindo cha kila hatua, na kutoka kisiginoni hadi vidoleni unapita utando mgumu unaoushikilia upinde wa wayo usilale. Mto huo hupungua unono kadiri umri unavyosonga. Utando nao huumia mtu anaposimama muda mrefu juu ya sakafu ya saruji, hasa akiwa mzito wa mwili au akivaa kiatu chenye soli iliyokwisha. Ndiyo sababu wengi husikia maumivu makali ya kisigino wanapokanyaga chini mara tu waamkapo.

Hapana shaka kwamba soli ya ndani yaweza kusaidia. Hutawanya uzito wa mwili juu ya eneo kubwa zaidi la wayo, ili kisigino kisibebe mzigo wote peke yake. Lakini msaada huo una mipaka. Uchunguzi uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2006 uliwagawa wagonjwa wa kisigino katika makundi matatu. Wa kwanza walipewa soli zilizotengenezwa kwa kipimo cha mguu wa kila mmoja. Wa pili, soli imara za kiwandani. Wa tatu, soli nyembamba za sponji laini. Baada ya miezi mitatu, makundi mawili ya kwanza yaliweza kuutumia mguu kwa urahisi zaidi kidogo. Baada ya mwaka mmoja makundi yote yalikuwa karibu sawa. Hapo tunajifunza mambo mawili: kwamba ulaini peke yake si kigezo, na kwamba soli ya bei kubwa haikuishinda ile ya kawaida.

Kuhusu mgongo, wataalamu waliopima kwa pamoja majaribio yaliyokwisha kufanywa walihitimisha mwaka 2007 kwamba soli hizo hazizuii maumivu ya mgongo. Anayezinunua kwa ajili hiyo anatupa fedha yake.

Watakuwapo watakaosema kwamba mwenye kupata raha hahitaji uchunguzi wa mtu. Ni kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini tusisahau kwamba soli ya ndani huchukua nafasi. Kiatu kilichomtosha mtu sawasawa humbana akishaitia, na kiatu kinachobana huzaa sugu na malengelenge. Na kiatu kilicholika upande mmoja hakitengenezwi na sponji. Hicho ni cha kupelekwa kwa fundi viatu kwanza. Anayekusudia kununua na ajaribu alasiri, wakati mguu umekwisha vimba kidogo, na ahakikishe vidole bado vina nafasi ya kucheza.

Liko jambo zito zaidi. Mwenye kisukari huweza kupoteza hisia miguuni. Akikanyaga msumari au akitembea na jiwe kiatuni hajui. Kidonda huoza, na mwisho wake huweza kuwa kukatwa mguu. Daktari Paul Brand, aliyeanza kazi Vellore, India, mwaka 1946, alionyesha kwa wagonjwa wa ukoma kwamba miguu yao iliharibiwa hasa na mikandamizo na majeraha wasiyoyasikia. Kwa watu wa namna hiyo ndala zenye mpira laini zilikuwa kinga, wala hazikuwa anasa. Basi mtumishi anayesikia ganzi nyayoni asiende dukani kutafuta sponji. Aende hospitali apimwe, na soli yake ichaguliwe na mtaalamu. Soli inayomliwaza huku kisukari kikiendelea kumla mguu ni adui yake.

Tena yapo yasiyohitaji fedha. Kuvuta vidole vya mguu kuelekea kwenye ugoko kabla ya kushuka kitandani ni zoezi lililoonyesha kuwanufaisha wenye maumivu sugu ya kisigino, katika uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2003. Na kiti nacho ni dawa. Mkataba Namba 120 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964, unaohusu maduka na ofisi, unataka wafanyakazi wapewe viti vya kutosha na nafasi ya kuvitumia. Busara hiyo yafaa shuleni vilevile. Wako wakuu wanaomwona mwalimu aliyeketi kuwa mvivu. Mwalimu anayeketi dakika chache wanafunzi wakiandika zoezi hajaacha kazi. Anajiwekea nguvu za kipindi kinachofuata.

Kwa hiyo basi, mwenye kiatu kizima chenye nafasi, ambaye kisigino humuuma kwa kusimama, anunue soli imara ya bei nafuu na aipime kwa miezi michache. Mwenye kiatu kibovu aanze na kiatu. Mwenye ganzi au kidonda aanze na daktari. Na wakuu wa shule na idara wahakikishe kila darasa na kila dirisha la kuhudumia wananchi lina kiti cha mtumishi, maana hilo halikupasa kununuliwa kwa mshahara wake.